Kila shauri lina udongo wake

Maongezi ya kamati ya bustani mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Nyunzu. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa, kwa faida ya wale waliokuwa shambani au safarini siku ile.



Kamati imeombwa kusema juu ya bustani za kiangazi. Tunajua kuna watu humu ndani waliokuja na hasira, na wana haki. Kiangazi kilichopita watu walichota maji asubuhi na jioni. Walibeba bidoni kichwani kutoka mtoni, walinunua mbegu kwa deni la mfuko wetu, na mwishoni wengine walivuna lengalenga tu. Vitunguu vilitoa majani ya kupendeza, lakini ukichimba chini hakuna kichwa. Nyanya zilisimama vizuri paka siku za kuanza kuzaa, halafu zikanyauka zingali za kijani. Shu zilitobolewa na funza zikabaki kama kichujio. Na karibu kila mmoja aliyepata hasara alikuwa amefuata shauri la mtu.

Leo tuna maneno matatu ya kuzungumza. La kwanza ni hasara yenyewe, imetoka wapi. La pili ni mashauri, tutayapima namna gani. La tatu ni deni la mfuko, maana kuna wanaosema hawatalima bustani tena, na kuna wengine wanaosema wenye deni wanyang'anywe majembe. Tutapita neno moja moja.

Juu ya nini shauri baya linatuumiza sisi zaidi

Mtu ambaye hakuhama, akidanganywa juu ya bustani, anapoteza tuta moja. Nyuma ya nyumba ana muhogo, ana mbuzi wawili watatu, ana mbegu za mama yake ndani ya kibuyu. Atasikitika, atacheka, ataendelea.

Sisi tulikimbia 2016 na 2017, wakati wa vita ya Watwa na Waluba. Wengine tulilala miaka kwenye kambi za Kalemie, pale Katanika na Kalunga. Wengine tulifuata reli kwenda Kabalo. Tuliporudi, mbegu za nyumbani zilikuwa zimeisha na mashamba yamekuwa pori. Leo wengi wetu tunalima bondeni kwenye kipande cha kuazima, na mwenye kipande ametupa kiangazi kimoja. Pakiti ya mbegu ni moja, na imenunuliwa kwa deni. Miezi nayo ni michache, toka mvua inapokatika karibu na mwezi wa tano paka inaporudi mwezi wa kumi. Ukikosa, huna nafasi ya pili ndani ya mwaka ule.

Tena kuna hasara nyingine ambayo haipimwi kwa kilo. Vitunguu vilipokataa kufanya vichwa, kuna neno lilianza kutembea mtaani, kwamba jirani wa ng'ambo ya mto ametia kitu katika maji. Hatutasema nani alilisema wala alisemwa nani. Kila mtu humu anajua neno la namna ile linaweza kutufikisha wapi, maana tumekwisha kulipa bei yake. Njo maana kamati imeona heri tufungue jambo hili mbele ya wote. Mtu asiyejua sababu ya kitunguu kukosa kichwa atatafuta mtu wa kulaumu.

Basi tuanze na hicho kitunguu.

Kitunguu kinaangalia jua

Mbegu ile ilikuwa hai. Iliota yote. Udongo ulikuwa mzuri, majani yalionyesha. Maji hayakuwa na dawa yoyote, lengalenga lililonyweshwa maji yale yale tumelila na watoto wetu. Shida iko katika aina ya mbegu.

Kitunguu kinafanya kichwa pale mchana unapofikia urefu fulani. Aina nyingi zinazolimwa Ulaya ya kaskazini zinangoja mchana wa saa 14 paka 16. Kule, mwezi wa sita, jua linachelewa sana kuzama, kwa hiyo wanavuna vizuri. Sisi Nyunzu tuko karibu digri 6 kusini ya ikweta. Mchana wetu hauachani sana na saa 12, mwezi wa kwanza paka wa kumi na mbili. Kitunguu cha namna ile kikipandwa hapa kinangoja mchana mrefu ambao haufiki, kinaendelea kutoa majani paka kinachoka.

Ziko aina za mchana mfupi zinazofanya kichwa katika nchi zetu, kama Red Creole na Texas Grano. Anayenunua mbegu ya kitunguu asiulize bei kwanza. Aulize jina la aina. Kama muuzaji hajui jina, au pakiti imeandikwa lugha ambayo hakuna mtu mtaani anayeisoma, arudishe pesa mfukoni.

Tusikilize vizuri: mtu aliyesema mbegu ile ni nzuri huenda hakusema uongo. Ni nzuri kwa watu wa kule. Wazee wa Kiswahili wana neno lao: usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa kitunguu neno hilo ni kweli kabisa, sema tu kwamba nyota yenyewe ni jua.

Mashauri yanafika kwa njia gani

Tulikaa tukahesabu. Njia ya kwanza ni telefone. Kijana anapokea video kutoka kwa rafiki, anaona mtu wa Kenya amesimama katikati ya shu kubwa kama vichwa vya watoto, anaonyesha mama yake. Mtu yule anasema pandeni mwezi wa tatu. Kwake ni sawa, mwezi wa tatu mvua ndefu za Kenya zinaanza. Kwetu mwezi wa tatu mvua imepiga toka mwezi wa kumi na inakaribia mwisho wake. Nyanya inayopandwa katika unyevu ule inaozeshwa majani na ukungu. Tena kama mtu yule yuko Limuru, yuko juu ya meta 2,000 na usiku anavaa koti. Sisi Ziwa Tanganyika liko karibu meta 770, na Lukuga inashuka kutoka ziwani kuja upande wetu, kwa hiyo bonde letu liko chini zaidi ya hapo. Kuna aina za shu ambazo bila baridi hazifungi. Zitatanua majani tu.

Njia ya pili ni muuzaji. Muuzaji ana watoto wa kulisha kama sisi, hatumchukii. Lakini ukimpelekea jani lenye ugonjwa, shauri lake litakuwa ndani ya chupa aliyo nayo kwenye meza.

Njia ya tatu ni mradi. Agronomu anafika na gari, anafundisha asubuhi moja, anaacha arozwari na pakiti za mbegu, anaondoka. Mara nyingi anayosema ni mazuri. Lakini anafika siku ya kupanda, na nyanya inanyauka siku ambayo yeye yuko mbali.

Njia ya nne ni sisi wenyewe kwa wenyewe, mama mkwe, jirani, mzee. Hawa wanajua mengi. Wanajua bonde gani linashika maji paka mwezi wa tisa na lipi linapasuka mapema. Lakini hata shauri la mzee lina umri wake. Kipande alichokilima kabla ya vita kikikaa pori miaka mitatu, minne, udongo wake si ule, na mchwa wake si wale.

Wazee wanakumbuka na njia nyingine. Wakati wa Wabeleji shauri la kilimo lilikuwa amri. Toka 1917 sheria iliruhusu serikali kulazimisha watu kulima pamba na vyakula siku 60 kila mwaka, na asiyelima alitozwa faini ama alifungwa. Pengine njo mwanzo wa tabia yetu moja: mtu mwenye daftari akija tunasema "ndiyo, bwana", akiondoka tunafanya tulivyozoea. Tabia ile iliwasaidia babu zetu. Sisi inatuumiza, maana yule agronomu anaondoka akifikiri shauri lake limefaulu, na mwaka ujao anapeleka shauri lile lile kijiji kingine. Shauri baya linaishi miaka mingi kwa sababu hakuna mtu anayerudi kumwambia aliyelitoa: bwana, ile haikuota.

Mashauri tuliyoyasikia kiangazi hiki

Tumechagua machache, yale yaliyosumbua watu wengi.

"Nyanya inanyauka? Inaombaka mayi. Ongeza mayi." Ni kweli kama majani yanalegea saa sita na yanainuka jioni. Lakini kama mche unalegea mzima, ungali wa kijani, na asubuhi haujainuka ingawa udongo una maji, kata kipande cha shina karibu na mizizi, urefu wa kidole, ukining'inize ndani ya gilasi ya maji safi bila kukitikisa. Ngoja dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe zinashuka kama maziwa, ni ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria. Hauna dawa ya kuuponya, hata muuzaji aape. Unakaa katika udongo miaka, na maji, jembe na miguu vinausambaza, kwa hiyo kuongeza maji ni kuupeleka kwa jirani. Ng'oa mche pamoja na udongo wa mizizi, uchome, usiutupe mtoni. Osha jembe. Pale usirudishe nyanya, wala bilinganya, wala pilipili, wala viazi vya kizungu, maana ni ndugu za nyanya na ugonjwa wao ni mmoja. Panda mahindi, au shu, au kitunguu.

"Nyanya ina alama nyeusi chini, ni mududu, piga dawa." Alama ile ya chini kabisa ya tunda, nyeusi na bapa, haina mdudu. Mche ulikosa maji siku kadhaa, halafu ukamwagiwa mengi kwa mara moja, na chokaa ya udongo haikufika kwenye tunda. Dawa ya wadudu itamaliza pesa na alama itabaki. Nywesha kwa kipimo kimoja kila mara.

"Weka majivu, itapona." Majivu ni mazuri kidogo kidogo, hasa kwa udongo wenye ukali. Yanafukuza baadhi ya wadudu yakiwa makavu, ukinyweshea juu yake yamekwisha. Yakiwa mengi yanaunguza miche midogo. Na usiyachanganye na mbolea ya urea ya dukani. Ukisikia harufu kali puani, ile njo mbolea yako inaruka hewani.

"Mavi ya kuku njo mbolea yenye nguvu." Nguvu inayo, tena inapita kiasi. Yakiwa mabichi yanachoma mizizi. Yachanganye na majani makavu, yalowanishe, yafunike, yageuze, ungoje miezi miwili mitatu paka harufu iishe na joto litoke.

"Funika tuta na nyasi kavu." Kwa kutunza maji ni shauri zuri sana. Lakini kwetu nyasi kavu ni chakula cha mchwa, na zikigusa shina mchwa wanapanda. Acha nafasi ya mkono kuzunguka kila mche, na inua nyasi kila siku mbili tatu uangalie chini yake.

"Chagua nyanya nzuri zaidi, kausha mbegu zake, mwaka ujao hutanunua." Ni kweli kwa mbegu za kawaida. Kama pakiti iliandikwa F1, watoto hawatafanana na mama. Utapata wengine warefu, wengine wafupi, na matunda ya kila namna.

Na neno la dawa za wadudu, tunalisema kwa sauti. Dawa inayouzwa sokoni ndani ya chupa ndogo ya kuazima, bila karatasi, hujui jina, hujui kipimo, hujui siku ngapi ungoje kabla ya kuvuna. Mboga inayopigwa dawa leo na kuuzwa kesho inaingia kwenye sahani ya mtoto wa mtu. Hata dawa za nyumbani zina ukali. Maji ya tumbaku ni sumu kwa mtu pia. Majani ya utupa, yale ambayo watu wanaleweshea samaki, yanafukuza wadudu wengi, lakini ukioshea chombo chako mtoni unaua samaki wa kijiji kizima chini ya mto. Kwa funza wa shu, wale wadogo wa kijani, pita kila asubuhi, geuza majani, ponda mayai na funza kwa vidole. Inachosha, lakini haimdhuru mtu.

Maswali manne kabla ya kukubali

Kamati inaomba kila mwanachama aulize maswali haya, na aulize kwa heshima, awe anazungumza na mzee, na agronomu, ama na mtoto mwenye telefone.

La kwanza: hiyo umeiona wapi, na mwezi gani? Shauri bila mahali na mwezi ni kama barua bila anwani.

La pili: wewe mwenyewe umevuna, ama umesikia? Aliyevuna atakuambia na mabaya yake. Atasema, ilizaa lakini mbuzi waliipenda, au ilizaa lakini sokoni hawaitaki. Aliyesikia tu atakuambia mazuri matupu.

La tatu: nikifuata, nani anapata pesa? Jibu halimfanyi mtu kuwa mwongo, lakini sherti ulijue.

La nne ujiulize mwenyewe: nikifuata na ikakataa, ninapoteza nini? Kama unapoteza mstari mmoja wa miche, jaribu hata kesho. Kama unapoteza bustani nzima na deni juu yake, usijaribu kwa bustani nzima, hata kama shauri limetoka kwa daktari wa mimea.

Tuta la kujaribu

Sasa tuseme namna ya kujaribu bila kupoteza.

Kabla ya kupanda mbegu yoyote ya kununua, hesabu mbegu 20, ziweke juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke ndani ya sahani kivulini, usiache kikauke. Baada ya siku saba paka kumi fungua uhesabu. Zikiota 16 ama zaidi, panda. Zikiota 8, umeuziwa chini ya nusu pakiti kwa bei ya pakiti nzima. Zikiota 2, usipoteze jasho lako kitaluni. Mbegu ya kitunguu hasa inakufa upesi ikikaa penye joto na unyevu, na meza ya sokoni ni mahali pa joto. Tena soma tarehe kwenye pakiti. Serikali ina idara ya mbegu inayoitwa SENASEM, na kazi yake ni kupima mbegu na kuzipa cheti. Kuomba kuona karatasi hiyo si kumtukana muuzaji.

Halafu, gawa tuta moja mara mbili kwa kijiti. Upande huu fanya ulivyozoea. Upande ule fanya shauri jipya. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda iwe moja, maji yawe sawa. Badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha mbegu na mbolea na maji kwa pamoja, ikifaulu hujui nini kilifaulu, ikikataa hujui nini kilikataa. Mtoto anayesoma shule aandike katika daftari: tarehe ya kupanda, tarehe ya kuota, wadudu gani, ndoo ngapi zimevunwa kila upande.

Jambo hili watu wengine wamelipitia. Indonesia, wakulima wa mpunga walipewa shauri la kupiga dawa, na serikali ikawasaidia kuinunua. Kumbe dawa ile iliua na buibui wanaokula mdudu wa mpunga, na mdudu mwenyewe akazidi. Mwaka 1986 raisi wao alikataza aina 57 za dawa katika mashamba ya mpunga. Toka 1989, kwa msaada wa FAO, wakulima walianza kukutana shambani kila wiki. Waliweka kipande chenye dawa kando ya kipande kisicho na dawa, wakahesabu wadudu wenyewe, wakachora walichoona, wakaamua. Wale walikuwa wakulima kama sisi. Mashamba-shule ya namna ile yamefika na Afrika, paka Kongo. Hatuhitaji kungoja gari lituletee. Tunahitaji tuta, kijiti na daftari.

Deni la mfuko

Sasa neno lenye moto. Kamati imezungumza na wenye kutunza mfuko, na haya njo tunayoleta mbele yenu mkubali ama mkatae.

Deni halifutwi. Pesa ile ni ya wote, pamoja na ya mjane aliyeweka kidogo kila juma. Lakini muda unasogezwa paka mwisho wa mavuno ya kiangazi kinachokuja, bila faida juu yake. Jembe la mtu halitachukuliwa. Ukimnyang'anya mwenye deni jembe, atalipa na nini?

Kwa mikopo mipya, mfuko hautatoa pesa ya mbegu kwa mtu mmoja mmoja. Tutanunua pamoja, kwa jina la aina, na pakiti moja itafunguliwa mbele ya watu ijaribiwe kwenye kitambaa kabla hatujalipa zingine. Muuzaji akikubali masharti hayo, tutakuwa wateja wake wa kila mwaka. Akikataa, tumekwisha kujua.

Tena tutalima tuta la kujaribu la chama. Tumelitafutia nafasi karibu na kivuko, pale ambapo watu wa pande zote mbili za mto wanapita na kuona. Majirani wa ng'ambo tumewaomba waje siku ya kupanda na siku ya kuhesabu. Wamekubali, na wamesema wataleta mbegu zao za lengalenga, zile zinazochelewa kutoa maua. Upande mmoja wa tuta kitakuwa kitunguu cha mwaka jana, upande wa pili aina ya mchana mfupi. Kila mtu ataona kwa macho yake nini kilikataa, na sababu yake.

Maswali yaliyoulizwa

Mama mmoja alisema: "Miye sijue kusoma. Ile daftari itanisaidia nini?" Tulijibu: mama, daftari ni la kusaidia kukumbuka, na wewe unakumbuka kuliko sisi. Funga fundo kwenye kamba kwa kila ndoo unayovuna, kamba moja kwa upande huu, nyingine kwa upande ule. Siku ya mkutano utaleta kamba mbili, tutahesabu mafundo.

Kijana mmoja aliuliza kama kamati inakataza video za telefone. Hapana. Angalieni, leteni. Lakini mwenye kuleta video alete na majibu ya swali la kwanza: ni wapi, na mwezi gani. Na akipenda iingie kwenye tuta la chama, atabeba maji ya upande wake mwenyewe.

Mzee mmoja aliuliza: "Na agronomu tutamwambia nini akirudi?" Tulijibu: tutamkaribisha, tutampa kiti, halafu tutamsomea daftari. Tutamwambia lililofaulu na lililokataa, na mwezi wake. Agronomu wa kweli atafurahi, atachukua kalamu.

Mkutano ulikubali kusogeza deni na kununua mbegu pamoja. Neno la jembe lilikubaliwa na wote. Kazi ya kufungua tuta la kivuko itaanza Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kukatika, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kila mmoja aje na jembe lake, na mwenye arozwari aje nayo. Wanaotunza mbuzi tunawaomba siku zile wawafunge.